Binti yangu kaniigiza akaniumbua: hivi orodha ya dhambi zetu nani aliiandika?

Msafiri Mvivu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Huu uzi nimeuandika mara tatu na kuufuta mara tatu, kwa hiyo ukiwa mrefu mnivumilie.

Mwezi uliopita nilikuwa nimejilaza sebuleni, watoto wako nje ya dirisha na mchezo wao wa baba na mama. Binti yangu ana miaka sita, na siku hiyo akajiteua kuwa baba. Akachukua kiatu changu, akakibandika sikioni kama simu, akakoroma kidogo kusafisha koo, akasema: "Niko njiani, niko njiani kabisa, Mungu akipenda dakika mbili nitakuwa hapo." Kisha akakaa chini, akakunja nne, akaendelea na stori zake.

Wenzake wakacheka. Mke wangu akacheka hadi machozi. Na mimi nikacheka, halafu kicheko kikanikaukia.

Kilichonichoma hata si hilo "niko njiani". Ni "Mungu akipenda". Yakobo aliandika maneno hayo (Yakobo 4:15) kuwashusha kiburi watu waliokuwa wakipanga kwenda mji fulani, wakae mwaka mzima, wafanye biashara na kupata faida, kana kwamba kesho iko mfukoni mwao. Ni maneno ya unyenyekevu. Mimi nimeyageuza shuka la kufunikia uongo. Na mtoto ambaye hajui Yakobo ni nani ameshika vizuri kabisa kwamba maneno hayo hutoka pale baba asipokuwa na nia ya kunyanyuka.

Sasa nijieleze. Nimeokoka mwaka wa 14 huu. Naongoza kikundi cha maombi cha nyumbani. Kila usiku najihoji kabla ya kulala, na nilijiona niko vizuri sana kwenye hilo. Nina orodha yangu: hasira, tamaa, wivu, uvivu wa kusoma Neno. Naipitia kama mwalimu anavyoita majina darasani. Hasira? Yupo. Wivu? Hayupo leo. Amina, nalala. Miaka yote hiyo, uongo wa mdomoni haukuwahi kuitwa jina, kwa sababu wote wanaonizunguka hawauiti uongo.

Nikachukua daftari. Wiki mbili nikaandika kila nilichosema ambacho hakikuwa kweli. Sikuandika mambo makubwa, sina mambo makubwa. "Ndiyo kwanza naona ujumbe wako": mara 4. "Nitakupigia baadaye": nikaacha kuhesabu siku ya tatu. "Hakuna shida" huku shida ipo na nimeishika kwa mikono miwili: kila siku. Lakini iliyonikalisha chini ni "nitakuombea". Niliwaahidi watu 11. Niliowaombea ni wawili, na mmoja kati yao ni kwa sababu nilikutana naye tena mlangoni nikaona aibu.

Swali langu kwenu: kama orodha ninayojihojia imeandikwa na jamii yangu na si Injili, nitajuaje ni nini kimeachwa nje? Kila mtu wa kwetu ana kitu ambacho kila mtu anakifanya.

Siti ya Mbele

Nimeweka kambi. Huu uzi una watu wake.

Kalamu Nyekundu

Mleta uzi, unajitesa bure. Lugha ina adabu zake. "Niko njiani" maana yake "usiondoke, nakuja." Anayesema anajua, anayesikia anajua. Sasa nani kadanganywa hapo? Uongo bila aliyedanganywa ni uongo gani?

Na kabla hujaniletea "Ndiyo yenu iwe ndiyo", nenda Luka 24:28. Yesu na wale wawili wa Emau wamefika kijijini, naye akafanya kama anataka kuendelea mbele. Hakuwa anaendelea mbele. Alikuwa anawapa nafasi ya kumkaribisha. Kuna heshima katika kutosema kila kitu kilivyo. Ukiwa mkweli wa aina hiyo ya daftari utabaki na daftari tu, watu watakukimbia.

Msafiri Mvivu

Kalamu, hoja ya Emau sikuitegemea, umenikamata vizuri. Nimekaa nayo siku nzima.

Lakini ngoja nikuulize nilichojiuliza mwenyewe. Kama ni adabu ya lugha tu, ningeitumia kwa watu wote. Nimeangalia daftari. Kwa bosi wangu sijawahi hata siku moja kuwa "njiani". Kwa bosi huwa nimeshafika, tena dakika kumi kabla. Wanaoambiwa niko njiani ni fundi, ni mdogo wangu, ni yule mama wa kikundi anayeningoja nimfungulie mlango wa chumba cha maombi. Ni wale wasioweza kunifanya kitu. Yesu pale Emau aliwapa wale wawili uwezo wa kuamua. Mimi nawaondolea.

Babu wa Kengele

Tumsifu Yesu Kristo, vijana wangu. Hapo kwenye "wasioweza kunifanya kitu" mjukuu wangu amegusa mshipa, na napenda mjue si mshipa mpya.

Tunapenda sana 1 Wakorintho 11:28, kwamba mtu ajihoji mwenyewe ndipo aule mkate. Tumeufanya mstari wa mtu kufumba macho na kutafuta mawazo mabaya aliyowaza wiki hii. Rudini nyuma mistari michache. Paulo anawagombeza kwa nini? Kwa sababu wanapokutana, huyu ana njaa na huyu amelewa, na wasio na kitu wanatahayarishwa (mstari wa 21 na 22). Wenye nafasi walitangulia kula, wengine wakafika wakakuta mabaki. Kujihoji kwenyewe kunatoka hapo, mezani, kwenye jinsi walivyomtendea mnyonge.

Sasa sikilizeni hili. Kwa watu wa Korintho hiyo haikuwa dhambi. Ulikuwa utaratibu. Dunia ya Warumi ilikula hivyo, kila mtu kwa cheo chake. Pliny, yule ofisa wa Kirumi aliyeacha barua nyingi, ana barua moja anamlalamikia mwenyeji wake aliyegawa divai ya aina tatu kwenye karamu moja: nzuri yake na wageni wakubwa, ya pili marafiki wadogo, ya tatu watu waliokuwa watumwa wakaachwa huru. Pliny mpagani aliona kuna kasoro. Wakristo wa Korintho, waliokwisha kubatizwa, hawakuona. Walikuwa wanakula kama kila mtu anavyokula.

Kwa hiyo swali lako, mjukuu, lina jibu nusu: kilichoachwa nje ya orodha yako kitafute kwa yule anayefika amechelewa na kukuta mabaki. Ndiye anayekijua.

Kalamu Nyekundu

Babu, hapo sawa. Nakazia kwa shingo upande.

Tulizo

Bwana asifiwe. Mimi nataka kusema neno kwa anayesoma huu uzi na tayari ameshachukua daftari.

Nilikuwa nalo. Miaka mitatu. Mwanzoni lilinisaidia kweli, baadaye likawa bwana wangu. Nilikuwa naamka usiku kumwandikia mtu ujumbe wa kuomba msamaha kwa neno ambalo hakulisikia hata. Rafiki yangu mmoja aliniambia, kwa upole sana, kwamba misamaha yangu inamchosha kuliko makosa yangu. Nilifika mahali nikaogopa kusema "habari za asubuhi ni nzuri" kwa sababu sikuwa na hakika kama ni nzuri.

Martin Luther alipokuwa mtawa alipita njia hiyohiyo. Alikuwa akikaa kwenye kitubio saa nyingi, anaondoka, anakumbuka kingine, anarudi, mpaka Johann von Staupitz aliyekuwa akimsikiliza akachoka naye. Hakukosa uaminifu. Aliuchimba moyo wake kama kisima akitumaini chini kuna maji, na chini kulikuwa na udongo zaidi.

Kilichonitoa ni Paulo, 1 Wakorintho 4:3-4. Anasema hata nafsi yake mwenyewe haihukumu. Hajui neno baya juu yake, lakini hahesabiwi haki kwa ajili hiyo, anayemhukumu ni Bwana. Yaani mtume huyuhuyu anayetuambia tujihoji anakiri kwamba kipimo chake cha ndani si cha mwisho, kikisema yuko safi na hata kikisema si safi. Na Zaburi ya 139, ile tunayoimalizia kwa kuomba "unichunguze", inaanza kwa kusema ameshachunguzwa na ameshajulikana. Anayeomba hivyo haendi kutafuta habari mpya za kumpelekea Mungu. Mungu anazo.

Sisemi mleta uzi aache. Nasema aweke mwisho. Wiki mbili zinatosha.

Babu wa Kengele

Mwanangu Tulizo, umesema vema. Ndiyo maana Ignatius wa Loyola, padri aliyeanzisha shirika la Wajesuiti, kwenye utaratibu wake wa kujichunguza, hakuanza na dhambi. Hatua ya kwanza ni kushukuru kwa yaliyopokewa siku hiyo, ya pili kuomba mwanga, ndipo unapita siku yako saa kwa saa. Na kwa mleta uzi nitacheka kidogo: lile daftari unadhani umelibuni wewe? Kwenye kitabu chake, kilichoidhinishwa na Papa mwaka 1548, kuna mistari imechorwa kwa siku saba za wiki, unaweka nukta kila ulipoanguka kwenye kosa moja ulilochagua. Kosa moja tu, si yote. Mistari inafupika kadiri wiki inavyokwenda kwa sababu anatumaini nukta zitapungua. Tumechelewa sana kuzaliwa, hata makosa yetu yameshachorewa mistari.

Mama Wawili

Nimesoma kimyakimya tangu juzi, sasa naongea.

Mnaongea kama watu ambao hawajawahi kuchunguzwa. Mimi nimechunguzwa tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Nguo yangu, sauti yangu, nilivyokaa, nilivyocheka, nilivyomjibu mkubwa. Nilipoolewa likaongezwa la uvumilivu. Mume wangu alikuwa anasimama mbele za watu kufundisha, akirudi nyumbani vyombo vinaruka. Nilipokwenda kwa viongozi niliambiwa neno lenu hilohilo: "Binti, jichunguze. Inawezekana kuna kitu unakifanya." Nikajichunguza. Miaka sita nikajichunguza, na nikakuta makosa, kwa sababu ukitafuta utakuta. Yeye hakuna aliyemwambia ajichunguze hata dakika moja. Sadaka yake ilikuwa nzuri.

Kwa hiyo mleta uzi anapouliza nani aliandika orodha, mimi najua. Waliiandika wale ambao haiwagusi. Na mkitaka kufundisha watu kujihoji, waambieni wenye nguvu kwanza. Nabii Nathani hakwenda kwa Bathsheba, mwanamke aliyechukuliwa na mfalme. Alikwenda kwa Daudi, ikulu, akamwambia usoni "Wewe ndiwe mtu yule" (2 Samweli 12:7).

Niko salama sasa, kwa watakaouliza. Na bado naamini. Ila mtu akiniambia "jichunguze" bado tumbo linanikaza.

Tulizo

Dada, pole sana. Sina la kuongeza.

Msafiri Mvivu

Dada yangu, nimesoma mara kadhaa. Kuna mtu katika kikundi chetu aliniletea jambo linalofanana na lako wiki zilezile za daftari. Nilimjibu "nitakuombea". Yumo kwenye wale tisa. Kesho namtafuta, na safari hii siendi kumwambia ajichunguze.

Kijana wa Zamu

Samahani kuingilia, mimi nina la kazini. Kuna fomu tunasaini mwisho wa zamu kwamba tumekagua kila kitu. Hakuna anayekagua kila kitu, muda hautoshi, na mkuu wa kitengo anajua. Nikikataa kusaini napoteza kazi. Nikisaini nimesema uongo kwa maandishi. Naamani, yule jemadari aliyeponywa ukoma kwa neno la nabii Elisha, aliruhusiwa kuinama kwenye nyumba ya Rimoni, mungu wa kwao, akiwa na mfalme wake, je, na mimi?

Babu wa Kengele

Mjukuu, soma tena 2 Wafalme 5:18-19. Elisha hakusema ruhusa, wala hakusema marufuku. Alimwambia aende kwa amani. Lakini tazama Naamani alivyofanya: alilitaja jambo kabla halijatokea, mbele ya nabii, bila kulipamba, na akaliita kitu cha kusamehewa. Hakusema "kila mtu anainama". Wewe mwambie huyo mkuu wa kitengo kwa mdomo wako kwamba muda hautoshi kukagua, na umwandikie. Ukiwa umeyasema hayo, urudi tuongee habari ya Rimoni. Na kama kisichokaguliwa kinaweza kumuumiza mtu, hapo Naamani hakusaidii, maana kuinama kwake hakukumwangukia yeyote.

Mdai Mvumilivu

Mimi si mwenzenu wa imani, nilishaacha zamani, napita tu. Ila kichwa cha uzi kimenivuta.

Mnachambua "niko njiani" na divai ya Warumi. Nina mtu wa kusali kwelikweli, alikopa kwangu akaniapia kwa jina la Mungu wake. Mwaka wa tatu sasa. Mwezi uliopita nimeona picha yake akikabidhi mchango wa jengo, anapigiwa makofi. Ile ni hela yangu ile. Nikimpigia anasema "Bwana atafungua mlango." Mlango upi, wakati funguo anazo yeye?

Sina hasira na Mungu wenu. Nauliza tu, katika huko kujihoji kwenu, deni huwa linaingia kwenye kipengele gani? Maana naona hasira, tamaa, wivu. Sijaona deni.

Siti ya Mbele

Uzi umekuwa wa moto ghafla.

Babu wa Kengele

Bwana mkubwa, karibu, na huna haja ya kuwa mwenzetu ili useme kweli. Deni lilikuwemo tangu mwanzo, sisi ndio tuliolitoa.

Pliny yuleyule wa divai, mnamo mwaka 112 alikuwa gavana wa Bithinia, akamwandikia Kaisari Trajan kuuliza awafanye nini Wakristo. Anaeleza aliyoambiwa na waliohojiwa: kwamba hukutana siku maalumu kabla hakujapambazuka, humwimbia Kristo kama Mungu, kisha hujifunga kwa kiapo. Kiapo cha nini? Kutoiba, kutonyang'anya, kutozini, kutovunja ahadi, na kutokana amana mtu anapokuja kuidai iliyo yake. Alipotaka uhakika zaidi aliwatesa wanawake wawili watumwa waliokuwa na huduma katika kanisa, na hakupata zaidi ya hapo.

Gavana yule aliwaua watu wetu, lakini alituachia orodha. Kutovunja ahadi, hilo ni la Msafiri. Kutokana amana, hilo ni lako wewe. Na kuhusu mchango wa jengo, Mathayo 5:23-24 inasema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako hapo, ukapatane naye kwanza. Haikusema itoe, upigiwe makofi, kisha utamwona.

Mdai Mvumilivu

Sawa mzee. Nitampelekea mistari hiyo, japo nadhani anaijua kuliko mimi.

Kalamu Nyekundu

Mleta uzi mbona umepotea? Au uko njiani?

Msafiri Mvivu

Mrejesho, wakuu. Nilikuwa kimya kwa sababu Mdai alinipiga mahali ambapo daftari halikufika.

Kwanza, yule dada wa kikundi nilimpata. Hayo ni yake, siyaleti hapa. Niseme tu mimi na mke wangu tulikwenda pamoja, na sasa halali tena kwenye ile nyumba.

Pili, "nitakuombea" nimeacha kuisema. Mtu akiniambia shida yake naomba palepale, sentensi mbili, hata kwenye simu. Nehemia alifanya hivyo akiwa anamhudumia mfalme divai, kati ya swali la mfalme na jibu lake (Nehemia 2:4). Inatia aibu mwanzoni, hasa nje mbele za watu. Na imepunguza sana idadi ya watu wanaonieleza shida zao, jambo ambalo sijui nilielewe vipi.

Tatu ndiyo iliyonichelewesha. Daftari langu lilikuwa la maneno. Niliamua mwenyewe kwamba tatizo langu ni maneno, nikajihoji kwenye maneno, nikatoka nimejiridhisha kwa ukweli wangu. Mdai alipouliza deni liko kipengele gani nilisoma, nikafunga simu, nikaenda kuoga. Nikiwa bafuni nikamkumbuka ndugu mmoja aliyenikopesha mwaka nilipohama nyumba. Miaka minne. Hajawahi kunidai, nami nikajiambia amesahau, kisha nikasahau kwamba nilijiambia hivyo. Tunasali naye. Tumeshika mikono kwenye maombi juma hilihili.

Nikampigia. Nikamwambia moja kwa moja, nina hela yako. Akanyamaza kidogo, akasema: "Sikusahau. Nilikuwa nakungoja."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililonimaliza. Miaka minne mtu amenishika mkono akiomba pamoja nami, akijua.

Nimelipa nusu jana. Nusu iliyobaki ni mwisho wa mwezi.

Kalamu Nyekundu

Mungu akipenda?

Msafiri Mvivu

Nilikaribia kulisema, nikajiziba mdomo. Nilimtajia tarehe tu.

Mdai Mvumilivu

Tarehe ngapi, mkuu?

Msafiri Mvivu

30.

Mdai Mvumilivu

Naweka alama hapa. Nitarudi tarehe 31.